Anti, kuku wangu anateseka, nimpumzisheje?

Shikamoo anti,

Naandika nikiwa nimechanganyikiwa kwa hiyo nivumilie nikirukaruka. Nina kuku wangu anaitwa Kidosho, mtetea, wale wekundu wa mayai, nimemlea mwenyewe tangu kifaranga. Najua wapo watakaocheka eti mtu mzima anamlilia kuku ila huyu si wa kuliwa, ni wa nyumbani kabisa, ukimwita anakuja, binti yangu akitoka shule anamkimbilia mbio mabawa yametanuka, anapanda mapajani anakunwa shingo mpaka anafumba macho. Kutaga alishaacha zamani na wala hatukumdai.

Sasa tumbo limemvimba, ukilishika unasikia maji yanachezacheza ndani, anasimama wima miguu imetanuka na kutembea ni kwa kujivuta. Daktari wa mifugo alimtoa maji kwa sindano akatwambia tusishangae yakirudi, na kweli yamerudi, safari hii haraka zaidi. Akasema kwa umri wake yawezekana ni uvimbe kwenye ovari na hakuna dawa ya kuondoa hilo.

Sa hivi mkia umeinama muda wote, kijitini hapandi tena, kidari kimebaki mfupa mtupu huku tumbo ndo hilo, na anapumua mdomo wazi hata akiwa ametulia tu kivulini. Wenzake walianza kumdonoa nikamtenga kwenye boksi. Ila nikimlisha mkononi anadonoa punje mbili tatu, na hapo ndo napochanganyikiwa anti, manake nikimwona anadonoa nasema ah, kumbe bado yupo yupo, ngoja kesho.

Mume wangu anasema huyo ni kuku, chinja tule yaishe. Mama mkwe anasema kiumbe aachwe afe kwa siku yake, kumuua ni dhambi. Rafiki yangu anasema mweke kwenye friza analala tu taratibu, mwingine kaniambia siki na baking soda kwenye ndoo yenye mfuniko. Nimeangalia video ya kuvunja shingo nikazima katikati, mabawa yalivyokuwa yanapiga nikaona yule kuku anateseka kuliko hata wangu.

Nisaidie anti, je muda umefika au namkatia tamaa mapema? Na kama umefika nifanyeje asisikie maumivu? Na huyu mtoto namwambia nini?

Mwenye Kidosho

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Muda umefika. Nakwambia hivyo bila kuzunguka manake barua yako yenyewe imeshajibu, we umebaki kutafuta mtu wa kukuruhusu.

Hizo punje mbili tatu zisikudanganye. Kuku ni kiumbe wa kuliwa na kila kitu chenye meno, kwa hiyo maumbile yamemfundisha kuficha ugonjwa mpaka anapokuwa hana tena nguvu ya kuficha, na huyo wako amekuzoea, mkono wako ukija mbele yake anadonoa kwa mazoea tu. Usiulize anakula au hali, uliza ni yapi Kidosho alikuwa anayapenda na mangapi bado anayafanya. Kuchakura chini, kujigaragaza kwenye vumbi, kupanda kijitini jioni, kukimbilia mlangoni, kukaa na wenzake. Kwa ulivyoandika sioni hata moja lililobaki.

Ila kwangu mimi kilichomaliza mjadala ni huko kupumua mdomo wazi akiwa amekaa. Kuku hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kama sisi, anapumua kwa kusukuma kidari na tumbo ili hewa iingie kwenye mifuko ya hewa iliyotandazwa mwilini, na mingine ipo hukohuko tumboni. Tumbo likijaa maji ile mifuko inakosa nafasi ya kutanuka. Huyo anazama akiwa nchi kavu, kila pumzi ni kazi, mchana na usiku. Kumtoa maji tena kunampa nafuu fupi, halafu yanarudi, na kila yanapotolewa yanaondoka na protini ya mwili wake, ndo maana kidari kinazidi kukonda hata ukimlisha.

Na usijilaumu kwa chakula wala banda. Kuku wa mayai wa siku hizi kazalishwa ili atage karibu mayai 300 kwa mwaka, wakati ndege wa porini ambaye kuku wote wametokana naye hutaga 10 mpaka 15 hivi basi. Ovari inafanya kazi bila kupumzika, na uvimbe wa ovari kwa mitetea wazee ni kitu cha kawaida kiasi kwamba watafiti wa saratani ya ovari ya wanawake wanamtumia kuku kujifunza ugonjwa huo. Hakuna ulichokosea.

Mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba kuachwa afe mwenyewe si kitu cha upole kama kinavyosikika. Kuku wa hivi hafi usingizini usiku mmoja, anaisha kwa kiu na kukosa hewa polepole, na kwa vile hana nguvu ya kujisafisha manyoya ya nyuma yanagandana kinyesi, nzi wanataga pale, funza wanaanza kumla akiwa hai. Samahani kwa kuandika hivyo lakini wafugaji tumeyaona, mtu anaenda asubuhi kumpa maji anainua mkia anakuta pamejaa. Leo ukimwinua Kidosho angalia hapo nyuma, mfute kwa maji ya vuguvugu, umkaushe.

Haya, sasa hizo njia ulizoshauriwa. Friza, hapana kabisa. Watu wanaiita kulala lakini mwili wa kuku unachemka nyuzi 41 mpaka 42 na juu yake kuna manyoya yaliyoumbwa kwa ajili ya baridi, kwa hiyo anakaa humo gizani anaganda taratibu huku anajua kila kitu. Siki na baking soda inatoa kaboni dayoksaidi ni kweli, na hiyo gesi inatumika kitaalamu kwa mitungi na vipimo, ila ndoo yako haina kipimo chochote, inatoka kidogo kisha inakatika, na ikiwa kidogo inampa hisia ya kukabwa bila kumwondoa fahamu, sasa huyo ambaye tayari hana pumzi unamwongezea nini? Moshi wa gari hivyohivyo, una joto na unachoma. Kumzamisha majini, kumfunga kwenye mfuko, kumpa vidonge vya usingizi vya binadamu, sumu ya panya, vyote weka kando. Vidonge hujui dozi na anaweza kuamka katikati akiwa mgonjwa zaidi, sumu ni maumivu ya saa nyingi na mbwa akimfukua anakufa na yeye.

Ukiziangalia zote utagundua zinafanana kitu kimoja, zinamwonea huruma mtu, hazimwonei huruma kuku. Zinakuruhusu ufunge mfuniko uondoke usione. Njia zinazomfaa yeye ni za haraka na kwa macho yetu zinatisha, hiyo ndo hali halisi na lazima uikubali kabla hujachagua.

Njia ya kwanza ambayo ningekuombea ni daktari wa mifugo. Mpigie simu umwambie wazi kwamba hutaki matibabu, unataka kumpumzisha kuku kwa sindano, na umuulize maswali mawili. Moja, kama anaweza kumpa kwanza nusukaputi, ya kuvuta au ya sindano ya msuli, ili dawa ya mwisho iingie kuku akiwa hana habari. Pili, dawa yenyewe ni ipi, na sindano anaichoma wapi. Inayotumika sana inaitwa pentobabito, ikiingia kwenye mshipa wa bawa inafanya kazi ndani ya sekunde chache, ila kuku aliyeishiwa mishipa yake inakuwa shida kupatikana ndo maana hiyo nusukaputi ni muhimu. Mwambie pia kuhusu tumbo, asimlaze chali wakati anatafuta mshipa, kuku mwenye maji tumboni ukimlaza chali unamkata pumzi. Anaweza kutikisika kidogo baada ya sindano hata kama ameshaondoka, usishtuke.

Ukimkosa daktari, au siku za kumsubiri ni nyingi, manake kila siku ya kusubiri anailipa yeye, basi inabaki shingo, na kwa hilo nataka unisikilize vizuri. Usifanye wewe. Sikatai huruma yako ila mkono unaotetemeka unavuta nusu, na kuvuta nusu ndo mateso yenyewe. Tafuta mfugaji mwenye uzoefu, mtu ambaye ameshafanya mara nyingi na hana papara, mwulize kabla anafanyaje, na akikujibu kwamba anamzungusha kuku kwa kichwa hewani mshukuru, tafuta mwingine.

Inavyotakiwa ni hivi, ili ujue unachokisimamia. Kuku afungwe taulo mabawa yakiwa ndani, aletwe sehemu yenye giza giza na kimya, kuku gizani anatulia haraka sana. Abaki kwapani kwa mtu amekaa wima mpaka dakika ya mwisho, hili nalisisitiza kwa sababu ya tumbo la Kidosho, kuku mzima anaweza kuning'inizwa kidogo kichwa chini na akavumilia, wako maji yataenda kukandamiza pumzi yote. Anayefanya anashika miguu yote miwili kwa mkono mmoja, wa pili unakamata kichwa pale nyuma fuvu linapoungana na shingo, vidole viwili vimepita huku na huku na dole gumba chini ya mdomo, halafu ni tendo moja tu, kuvuta shingo kwa nguvu iliyonyooka huku kichwa kinapinduliwa kwa nyuma. Utasikia kitu kimeachia. Ukipapasa hapo chini ya fuvu kwa kidole unakuta pengo, ngozi tupu, hakuna mfupa kati, na hilo pengo ndo uthibitisho kwamba uti umekatika karibu kabisa na kichwa, panapotakiwa. Akizidisha nguvu kichwa kinaweza kung'oka, ni vibaya kukiona lakini kuku haumii zaidi kwa hilo, bora kuzidisha kuliko kupunguza.

Halafu yanakuja yale mabawa yaliyokufanya uzime video. Yatapiga, tena kwa nguvu, dakika moja mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Hiyo ni mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo imeachiwa bila ubongo wa kuizuia. Ndo maana ya taulo, mshikilie tu. Unachotakiwa kuangalia ni kichwani. Mguse jicho katikati kwa ncha ya kidole taratibu, kope isisogee. Tazama tumbo na pale nyuma kama kuna mwendo wa kupumua. Sekunde chache za mwanzo jicho linaweza bado kujibu ila likiendelea kujibu, au pumzi ya mpangilio ikionekana, arudie papo hapo bila kujadiliana, na awe na kisu kikali pembeni cha kumalizia shingo. Moyo unaweza kuendelea kupiga kwa dakika kadhaa baada ya yote hayo kuwa kimya, msubirini mpaka usisikike kabisa ndo mmweke chini.

Uzito nao uangalieni. Kwa mikono mitupu hii ni kazi ya kuku mdogo, kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009 zinaishia kilo 3 na kwa maoni yangu ni kipimo kizuri kwa yeyote. Mtetea wa mayai mara nyingi yuko kwenye kilo 2, wako ana maji ya juu kwa hiyo mpimeni, ingawa shingo yake ni ileile. Akiwa mzito sana au anayefanya hana uhakika na mikono yake, kukata kichwa kizima kwa pigo moja la shoka lenye makali, kwenye gogo imara, kuku akiwa amefungwa taulo, ni haraka na hakuna wasiwasi wa kuvuta nusu. Kumchinja kawaida koo kwa kisu ni tofauti, pale fahamu inaondoka damu inavyotoka na si papo hapo, kwa kuku wa kupumzishwa kama huyu ningeiacha.

Mumeo mwambie kula hapana. Kuku mwenye uvimbe na maji tumboni si nyama, halafu kama alipokuwa anatibiwa alipewa dawa, huenda bado zipo mwilini. Na kama ataondoka kwa sindano ya daktari ndo kabisa, ile dawa inabaki kwenye mzoga, mbwa au paka au kunguru akiula anaweza kufa, kwa hiyo achomwe au azikwe kwenye shimo refu lisilofukulika, mawe mazito juu, mbali na kisima. Hata aliyevunjwa shingo mzike hivyohivyo.

Binti yako sasa. Usimwambie amelala wala amesafiri. Watoto wanashika maneno kama yalivyo, ukimwambia Kidosho alilala hakuamka usishangae akianza kugoma kwenda kitandani, na ukisema kasafiri atakaa mlangoni anamsubiri. Mwambie Kidosho anaumwa ugonjwa usiopona, kupumua kunamuuma, na nyie wakubwa mmeamua kumsaidia afe haraka asiendelee kuumia. Tumia neno kufa. Mwambie kabla, si baada, apate muda wa kukaa naye, amkune hiyo shingo, ampe punje anazopenda. Wakati wenyewe asiwepo. Akitaka kuuona mwili baadaye mwoneshe umefunikwa vizuri kichwa kikiwa ndani ya kitambaa, asipotaka usimlazimishe. Ataweza kukuuliza kama na bibi akiumwa mtafanya hivyo, wanauliza sana hilo, mjibu bila kucheka kwamba hapana, watu wanatunzwa mpaka mwisho na kuna madaktari wao na dawa zao za maumivu. Na kama atakukasirikia siku mbili tatu mwache akasirike, hujamkosea.

Kuku waliobaki waangalie tu. Kilichompata Kidosho hakiambukizi kama ndo hicho alichosema daktari, ila ukiona mwingine naye anavimba, au wawili watatu wanazubaa kwa pamoja, shingo zinapinda au miguu inakufa ganzi, hiyo ni habari nyingine na daktari aitwe kabla hujazika yeyote. Mitetea wenye umri wa Kidosho jizoeze kuwashika tumbo mara kwa mara jioni wakiwa wametulia, utajua mapema.

Leo mpe maji, mweke kivulini kwenye matandiko makavu ameinuliwa kifua kidogo kwa taulo lililokunjwa apate kupumua, na upige simu. Usisubiri wikiendi. Shimo mwachie mumeo, si anasema huyo ni kuku tu, basi hatashindwa kumchimbia.

Anti